Kumtafuta guka: yatima, vitabu vya misheni na kompyuta

Najua niliahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata, lakini wiki hizi chache nimekuwa nikihangaika na jambo jingine, na kwa kuwa lina hifadhidata ndani yake nimeona si vibaya nikiwasimulia. Jambo lenyewe ni mstari mmoja mtupu.

Mwaka 1994 tulipomzika guka (ndivyo tunavyomwita babu kwa Kikuyu), kijitabu cha ibada kilikuwa na wasifu wake, kama kawaida ya mazishi yetu. Mnajua jinsi wasifu hizo zinavyoanza: marehemu alizaliwa mwaka fulani, mwana wa fulani na fulani, wa mbari ya fulani. Wa guka ulianza na "alizaliwa karibu mwaka 1911", kisha ukaruka moja kwa moja hadi misheni alikosomea. Mwana wa nani? Kimya. Wazee walikuwa wamebishana usiku kucha chini ya turubai. Wengine walishikilia kwamba mjomba wangu mkubwa, kifungua mimba wa guka, amebeba jina la baba yake guka kama desturi inavyotaka. Wengine wakasema hapana, lile ni jina la mtu aliyemlea guka pale misheni, kwa maana yatima huweza kumtunuku mlezi wake kwa kumpa mtoto jina lake. Walioandika kijitabu wakaona heri kunyamaza.

Msomaji asiyetoka kwetu atauliza, basi kuna ubaya gani? Ubaya upo. Kila tunapokwenda kwenye ruracio, yaani mazungumzo ya mahari, mzee wa upande wa pili huuliza mbari, na sisi huanza kukohoa. Bila jina la baba yake guka hakuna mbari, na bila mbari hujui binti unayemposa kama si dada yako.

Mimi ni mtu wa kompyuta, si mwanahistoria. Nilidhani kazi itakuwa rahisi: tafuta cheti cha kuzaliwa, soma jina la baba, funga faili. Hapo ndipo nilipopata somo la kwanza. Mwafrika aliyezaliwa pembezoni mwa Nairobi mwaka 1911 hana cheti cha kuzaliwa. Si kwamba kimepotea, hakikuandikwa kamwe. Serikali ya kikoloni ilianza mapema kuandikisha vizazi vya Wazungu, kisha vya Wahindi, na sheria ya mwaka 1928 haikumlazimisha Mwafrika kuandikisha mtoto wake. Kwa Waafrika ulazima ulianza mwaka 1963, Nairobi na Nyeri zikitangulia, na ukafika nchi nzima mwaka 1971. Kwa maneno mengine, bibi na babu zetu wengi waliingia kwenye karatasi kwa mara ya kwanza siku walipopatwa na jambo: walipobatizwa, walipokamatwa, walipoajiriwa, au walipougua. Aliyelelewa na wazazi wake salama salimini hakuandikwa popote mpaka alipopewa kipande.

Kwa hiyo yatima ana bahati ya ajabu. Huyu aliyepoteza wazazi ndiye mwenye nafasi kubwa ya kupatikana kwenye daftari, kwa sababu kuna mtu alimpokea na akamwandika.

Ila msitafute "makao ya watoto" ya wakati huo kama tunavyoyajua leo Karen au Dagoretti. Mtoto aliyefiwa alikuwa wa ukoo. Amu yake alimchukua, na mara nyingi alimchukua pamoja na mama yake. Ilipotokea ukoo wote umefagiwa, ndipo mtoto alipobaki bila mtu. Na ukanda huu wa magharibi ya Nairobi, kuanzia Kabete na Dagoretti hadi Kikuyu, ulifagiwa mara mbili ndani ya miaka 20. Mara ya kwanza ni ile njaa kubwa ya 1898 hadi 1900, iliyoandamana na ndui. Mara ya pili ni Vita Kuu ya Kwanza. Vijana kwa makumi ya maelfu walichukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi, hasa mwaka 1917, na wengi mno hawakurudi. Kisha mwishoni mwa 1918 yakaja mafua makuu yaliyozunguka dunia nzima, na mvua nazo zikakosa. Ukipita Kenyatta Avenue utaziona zile sanamu tatu za shaba za askari na mpagazi zilizowekwa mwaka 1928. Maandishi yapo kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Majina ya watu hayapo. Hesabu miaka: guka alikuwa na umri wa kama miaka saba. Neno lake la pekee kuhusu utoto, ambalo mama yangu alilisikia mara nyingi, ni kwamba "alichukuliwa Dagoretti".

Alichukuliwa na nani? Hapo ilibidi nijue milango ya wakati huo.

Mlango mkubwa ulikuwa misheni. Waskoti walihamia Kikuyu mwaka 1898 wakitokea Kibwezi, wakakuta njaa ikianza, na kituo chao kikawa mahali pa kulisha wenye njaa hata kabla hakijawa shule. Thomas Watson aliyekiongoza alifariki mwaka 1900, mkewe Minnie akabaki hapo mpaka mwaka 1931. Mahali hapo panaitwa Thogoto, na jina lenyewe ni neno "Scot" lililopita kwenye kinywa cha Mkikuyu. (Kama Kariokor, ambayo ni "Carrier Corps", kile kikosi cha wapagazi. Kumbukeni hili la majina kubadilika vinywani, nitalirudia.) Waanglikana walikuwa Kabete, alikozaliwa Louis Leakey mwaka 1903, baba yake akiwa mmisionari hapo. Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu walianzisha St Austin's mwaka 1899, eneo ambalo leo ni Lavington, panda 46 utafika karibu. Wote walikuwa na mabweni ya wavulana, na wote walikuwa na karani na wino.

Mlango wa pili haupendezi kuutaja. Mtoto aliyetoka kwao akaingia mjini alilala Bazaar Street, ambayo sasa ni Biashara Street, au kando ya River Road, akibeba mizigo sokoni au akiwa "toto" wa jikoni kwa Mzungu. Polisi wakimkamata, hakimu alikuwa na njia mbili: kumrudisha kwao kwa gari moshi, au kumpeleka shule ya kurekebisha tabia ya Kabete, iliyofunguliwa karibu mwaka 1910. Mwanahistoria Paul Ocobock ameandika vizuri juu ya watoto hawa waliorudishwa kwao wakapanda tena gari kuja mjini, mara nyingine ndani ya wiki hiyo hiyo. Halafu kuna jambo linalorudiwa sana mitandaoni na limenikera: kwamba Kabete ilijengwa kwa ajili ya vijana wasio na kipande. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya vita. Shule ilikuwepo tayari! Baadaye ikaitwa Approved School, na tangu Sheria ya Watoto ya 2001 shule za namna hiyo zinaitwa shule za urekebishaji. Ninalisema hili kwa sababu anayemtafuta yatima lazima ajue jina la taasisi kwa kila kipindi, la sivyo atapitisha macho juu ya faili anayoihitaji.

Basi nilianzia katikati ya mji, kwenye Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, lile jengo la kale lililokuwa benki. Kwa asiyewahi kuingia: unajiandikisha, unalipa ada ndogo, unapewa orodha za mafaili. Za wilaya ya Kiambu, ambayo Dagoretti ya zamani ilihusiana nayo sana, zina alama DC/KBU. Za mkoa wa kati ni PC/CP. Nilisoma taarifa za mwaka za wakuu wa wilaya kwa siku kadhaa. Ni usomaji mzuri, na unajifunza mengi juu ya njaa, barabara na kodi. Majina ya watoto hakuna. Serikali ilihesabu, haikutaja. Nikaelewa kwamba nilichokuwa nikikitafuta hakiko kwa DC, kiko kwa padri.

Lakini kabla sijawapeleka kwa padri, nataka tumwangalie yatima mmoja ambaye nyote mnamjua, maana yeye ndiye aliyenifundisha namna ya kutafuta.

Jomo Kenyatta alikuwa yatima. Baba yake, Muigai, alifariki yeye akiwa mdogo. Amu yake, Ngengi, akamrithi mjane, Wambui, kama ilivyokuwa desturi, kisha Wambui naye akafariki. Mwaka wa kuzaliwa wa rais wa kwanza wa Kenya haujulikani mpaka leo. Waandishi wanakisia tu, kati ya mwanzo na mwisho wa miaka ya 1890. Tarehe za maisha yake zinaanza kuwa tarehe pale alipojipeleka misheni ya Thogoto mwaka 1909, mvulana anayetaka kusoma. Mwaka 1912 akawa mwanafunzi wa useremala, mwaka 1913 akatahiriwa, na Agosti 1914 akabatizwa. Alitaka kuitwa John Peter, wamisionari wakasema achague mtume mmoja. Akawatania: Petro maana yake ni jiwe, basi akajiita Johnstone. Majina mawili ndani ya moja.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mtu anayeandika programu. Mtu huyu mmoja ni Kamau wa Muigai kwa kuzaliwa, Kamau wa Ngengi kwa malezi, Johnstone Kamau kwa ubatizo, Johnstone Kenyatta alipokuwa mjini akifanya kazi ya kusoma mita za maji za manispaa miaka ya 1920, na Jomo Kenyatta alipoandika kitabu chake mwaka 1938. Ukitengeneza jedwali ambalo ufunguo wake ni jina, umepata watu watano. Na yule ambaye vitabu vingi vinamwita "wa Ngengi" hakuwa mtoto wa Ngengi.

Lakini angalia watoto wake. Desturi ya Wakikuyu ni kwamba mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake, wa pili jina la baba ya mama yake; msichana wa kwanza hupewa la mama ya baba yake, na kuendelea. Kifungua mimba wa Kenyatta, aliyezaliwa mwaka 1920, aliitwa Peter Muigai. Si Ngengi, Muigai! Binti aliyemfuata, aliyekuja kuwa meya wa Nairobi, ni Margaret Wambui. Na alipooa tena baadaye, mvulana wa kwanza kwa Mama Ngina, aliyezaliwa mwaka 1961, akawa Uhuru Muigai. Hebu fikiria: hata kama kila karatasi ya Thogoto ingeungua, na hata kama kila mtu angekubaliana kwamba alikuwa wa Ngengi, majina ya baba na mama wa yule yatima yalikuwa yamehifadhiwa ndani ya watoto wake. Sisi watu wa kompyuta tunaita hiyo nakala ya akiba, na tunashauri iwekwe mahali tofauti na ile ya asili.

Kwa hiyo wazee waliokuwa upande wa "jina la baba" kwenye mazishi ya guka walikuwa na hoja nzito. Ila na wale wengine hawakuwa wajinga, kwa maana mlezi kupewa jina ni jambo linalotokea kweli. Ilinibidi nipate karatasi ya kuwatenganisha.

Parokia niliyokwenda ni kongwe, iko magharibi ya jiji, na sitaitaja kwa kuwa waliniamini na vitabu vyao. Nikaonyeshwa daftari la ubatizo la miaka ya 1920. Ni kitabu kirefu, kila ukurasa una safu: namba, tarehe, jina, wazazi, msimamizi, padri. Na upande mmoja kuna pambizo pana lililoachwa tupu. Ukiwahi kuhifadhi data utapenda hili pambizo. Kanisa Katoliki lilitoa amri mwaka 1907 kwamba mtu akifunga ndoa, mahali popote, taarifa irudishwe parokia alikobatizwa ikaandikwe kando ya jina lake. Yaani kila mstari una kiungo kinachokuelekeza kwenye daftari jingine, labda la parokia nyingine. Walikuwa na viungo kabla hatujazaliwa sisi wala intaneti yetu.

Shida ikawa kumpata guka kwenye daftari. Jina lake la ubatizo tulilijua, lakini ndio kipindi ambacho nusu ya wavulana waliitwa majina matano yale yale ya watakatifu. Jina lake la Kikuyu lingeweza kuandikwa kwa namna nyingi. Padri alikuwa Mfaransa au Mwailandi, karani pengine Mgoa au mtu wa pwani, na kila mmoja aliandika alichosikia. Nikanakili kurasa kwa mkono kwenye kompyuta ndogo (picha hazikuruhusiwa, na walikuwa na haki), nikifikiri nitatumia Soundex, njia ya kutafuta majina yanayofanana kwa sauti ambayo ilipewa hataza Marekani mwaka 1918, mwaka ule ule wa mafua. Soundex hubakiza herufi ya kwanza, hutupa irabu, na konsonanti huzigeuza namba.

Kwa majina yetu ni balaa. Chukua Njoroge. Soundex yake ni N262. Mzungu asiyeweza kutamka "nj" ataandika Joroge, na hiyo ni J620. Jina moja, misimbo miwili isiyokutana hata kidogo. Kinyume chake, Mwangi na Mungai ni majina mawili tofauti kabisa, koo zinaweza kugombana juu yake, lakini kwa Soundex yote ni M520. Chombo kinatenganisha ndugu na kuunganisha wageni.

Nikaandika sheria zangu mwenyewe, hazifiki mistari 50. Nj na J ni kitu kimoja mwanzoni mwa jina. C, Ch na Sh ni kitu kimoja, kwa hiyo Cege, Chege na Shege wanakutana. L na R ni kitu kimoja, maana karani wa pwani ana L lakini Mkikuyu hana. G na K mwanzoni mwa jina zihesabiwe karibu, tazama Gikuyu na Kikuyu. B inaweza kuwa V au W. Th inaweza kuwa D, Z au S, kulingana na aliyesikia. Na tofauti na Soundex, irabu nikaziacha, kwa sababu kwetu ndizo zinazobeba jina. Kisha nikaamuru programu ipange waliopatikana si kwa jina tu bali kwa mahali, mwaka na jina la msimamizi. Hili la mwisho ndilo ningemshauri yeyote anayetafuta: jina ndilo ufunguo mbovu kuliko zote. Anza na mahali, mwaka na aliyemleta.

Programu ikanipa watatu. Mmoja alikuwa na wazazi wote wawili wameandikwa, nikamweka kando. Wa pili umri haukulingana. Wa tatu, safu ya wazazi ilikuwa na neno moja la Kilatini lenye maana ya wasiojulikana. Mahali: Dagoretti. Jina lake la Kikuyu limekosewa herufi mbili.

Nilikaa nikaliangalia lile neno muda mrefu. Wasiojulikana na nani? Mtoto wa miaka saba au kumi anamjua baba yake kwa jina. Hakuulizwa, au aliulizwa kwa lugha asiyoielewa, au padri aliona wazazi wapagani hawana haja ya kuandikwa. Ninalinganisha na watoto 64 wa Kioromo ambao manowari za Waingereza ziliwakomboa kutoka kwenye majahazi ya watumwa Bahari ya Shamu kuanzia mwaka 1888, wakapelekwa Aden, kisha mwaka 1890 wakasafirishwa hadi Lovedale, Afrika Kusini. Wale mmoja mmoja walikaa na mkalimani wakaulizwa: jina lako, la baba, la mama, kwenu wapi, ulikamatwaje. Kwa sababu ya maswali hayo Sandra Rowoldt Shell aliweza, zaidi ya karne moja baadaye, kuandika kitabu na kuchora ramani za safari zao. Mmoja wao, msichana Bisho Jarsa, alikuwa bibi yake Neville Alexander, yule msomi wa lugha aliyefungwa Robben Island miaka 10. Pwani yetu pia, Freretown ilipoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, watoto waliandikwa na wengi wakapewa majina ya Kiingereza. Wajukuu wao ndio mpaka leo wanaosema kwa uhakika kwamba asili yao ni Yao au Nyasa, kwa kuwa wazee walikataa kuacha kusimulia. James Mbotela aliyaweka hayo kitabuni, Uhuru wa Watumwa, mwaka 1934. Kwa hiyo iliwezekana kuuliza. Haikuwa kazi ngumu. Samahani, nimekasirika kidogo.

Turudi pambizoni. Kando ya jina la kijana wa tatu kulikuwa na mstari mwembamba wa wino tofauti: ndoa, mwaka 1936, na jina la parokia nyingine upande wa Kikuyu. Mjomba mkubwa alizaliwa mwaka 1938. Jina la mke kwa ubatizo ni la shosho.

Ilichukua barua mbili na subira kupata ruhusa ya kuliona daftari la ndoa. Kwenye ndoa huwa kuna safu ya baba ya bwana harusi, na sasa bwana harusi ni mtu mzima, anasema mwenyewe. Safu haikuwa tupu. Jina lililoandikwa ni la mjomba wangu mkubwa.

Sikuruka kwa furaha mara moja. Mtaalamu yeyote wa kutafuta hitilafu angeuliza: je, kama guka aliwatajia jina la mlezi? Kenyatta aliitwa wa Ngengi. Nikarudi kwenye daftari la ubatizo kumtazama msimamizi, yule katekista. Jina lake ni jingine kabisa. Halafu nikafanya jaribio la pili, nikamwuliza mama majina ya wajomba wote kwa mpangilio. Mjomba wa pili ana jina la baba yake shosho, ambaye tunamjua vizuri na kaburi lake tunalijua. Kwa hiyo guka na shosho walifuata desturi bila kuipinda. Bado si ushahidi wa mahakamani. Huenda kulikuwa na amu ambaye hatumjui. Lakini kama ningelazimika kujaza ule mstari leo, ningeujaza.

Nikampigia mjomba. Amepita miaka 80, masikio si mazuri. Nikamsomea. Akanyamaza, kisha akasema, "Sasa wewe unaniambia nini? Kwani mimi nilikuwa nikiitwa nani miaka hii yote?"

Kuna jambo ambalo limenitoa usingizi katika kazi hii, na halimhusu guka. Makao ya watoto ya Nairobi yaliongezeka sana baadaye. Hali ya hatari ya 1952 hadi 1960 iliacha watoto wengi mitaani, na Starehe ilianza Novemba 1959 kwa vibanda viwili vya mabati kwa ajili ya wavulana kama hao. Kisha ukaja UKIMWI. Nyumbani ya Karen, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Padri Angelo D'Agostino, ilipokea watoto waliotupwa wakiwa na virusi. Leo serikali inataka watoto warudishwe kwenye familia. Mwaka 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya, na mkakati wa taifa wa mageuzi ya malezi, wa 2022 hadi 2032, unalenga kupunguza makao hayo hatua kwa hatua. Kwa mtoto naona ni uamuzi sahihi. Lakini nyumba ikifungwa, daftari la mapokezi linakwenda wapi? Pale ndipo penye tarehe, mahali alipookotwa, jina la polisi au jirani aliyemleta, na kipande cha nguo alichofungwa. Nimeona makao madogo ambayo kumbukumbu zake zote zilikuwa kwenye katoni chini ya ngazi, na mengine kwenye kompyuta moja yenye nenosiri linalojulikana na mtu aliyeacha kazi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazuia kumwaga mambo haya hadharani, na ni sawa. Aliyeandikwa bado yu hai na ana haki ya siri yake. Kufunga kabati si sawa na kuchoma kabati. Mtoto aliyepokelewa Dagoretti mwaka 2005 atakuwa guka wa mtu mwaka 2065, na mjukuu wake atakuja na chombo kizuri kuliko changu. Kama unaendesha makao au unamjua anayeendesha, piga picha za madaftari, weka nakala mbili mahali pawili, tumia muundo wa faili wa kawaida usiohitaji kununuliwa, na andika karatasi moja inayosema ni nani mwenye ruhusa ya kuzisoma. Ni kazi ya wikendi moja. Nikipata muda nitaandika somo lake hatua kwa hatua, na zile sheria zangu za majina nitampa yeyote atakayeomba.

Kuhusu mbari, bado. Jina la baba yake guka ni la kawaida sana, Dagoretti ya 1918 ilikuwa na wanaume wengi wenye jina hilo. Lakini mjomba amesema kuna mzee wa rika lake upande wa Thogoto ambaye kwao walipoteza watu wote wakati wa mafua, isipokuwa mvulana mmoja aliyeondoka na mapadri. Jumamosi tunapanda 105 kwenda kumwona. Mjomba ameniagiza nisibebe kompyuta.